Waraka anaandika nani? Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Mimi ni wakala wa forodha. Siku moja nilipeleka dirishani cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetoka nchi gani, kimegongwa muhuri upande wa pili wa mpaka, hakina kasoro. Ofisa akakigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. Nikamwonyesha uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Jumuiya niliokuwa nao kwenye faili. Akausoma wote, tena kwa makini. Kisha akasema, "Huu ni wa Arusha. Mimi nasubiri waraka wa makao makuu." Lori likalala pale siku tatu.

Sina kinyongo na yule kijana. Anayempandisha cheo na kumhamisha kituo hayupo Arusha, yaliko makao ya Jumuiya. Ibara ya 16 ya Mkataba wa 1999 ulioanzisha Jumuiya inasema maamuzi ya Baraza yanazifunga nchi wanachama. Ibara ya 8 inaziweka sheria za Jumuiya juu ya sheria za nchi katika mambo ya Mkataba. Dirishani zote mbili zinashindwa na karatasi moja yenye sahihi ya bosi.

Kiswahili chetu kina utani wake: wewe ni Katibu Mkuu, na wale wa wizarani, wanaokaa kwenye Kamati ya Uratibu ya Jumuiya, nao ni Makatibu Wakuu. Ila wao wana waraka.

Ninachoomba ni kidogo. Kila uamuzi utangazwe ukitaja, kwa kila nchi, cheo cha atakayeuandikia waraka na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo. Hizi habari za "nchi wanachama zinahimizwa" tumezichoka. Anayehimizwa hadaiwi kitu.

Na atakayepitisha tarehe? Ibara ya 29 inakutaka uiandikie nchi unayoona imekiuka Mkataba. Ina miezi 4 ya kujibu. Isipojibu, au jibu lisiporidhisha, unapeleka suala kwa Baraza, ambako inayolalamikiwa nayo ina kiti, na Baraza ndilo linaloamua kama uende mahakamani mara moja au walimalize wenyewe. Katika Umoja wa Ulaya pia ushuru hukusanywa na forodha za kila nchi, lakini Tume yao inaweza kuipeleka serikali mahakamani bila kuziomba ruhusa serikali nyingine. Wewe huna nguvu hiyo. Barua ya kwanza, hata hivyo, ni ya kwako, na haihitaji kibali cha Baraza.

Sisi wakazi tunaweza kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kwa Ibara ya 30, lakini ndani ya miezi 2 tu. Serikali inapewa miezi 4 kujibu barua. Mimi, mwenye lori barabarani, miezi 2 ya kutafuta wakili, kukusanya vielelezo na kufungua shauri. Kama barua hizo za Ibara ya 29 huwa unaziandika, tuwekee hadharani nakala zake, ili nikirudi dirishani niwe na karatasi ya pili ya kuonyesha.

Wako,
Wakala wa forodha