Barua ya wazi: Mheshimiwa, tunaomba mashine ya dripu

Kwako Mheshimiwa msimamizi wa hospitali zetu za uzazi,

Nakusalimu kwa heshima. Nilijifungua hapa Nairobi miezi saba iliyopita, nikanyamaza nikidhani ni bahati yangu tu. Jumatano iliyopita jirani yangu wa ploti alirudi na mshono wa upasuaji na maneno yale yale niliyoambiwa mimi: "Wewe ni mnene, dawa haiwezi kukushika." Siwezi kunyamaza tena.

Nilikuwa na kilo 104. Nazijua kwa sababu nilipimwa na yule kijana mwenye mizani pale steji. Mizani ya kliniki ilikuwa imeharibika. Saa mbili usiku mlango wa uzazi ulikuwa umefunguka sentimita 5, uchungu ukalegea, nikawekewa dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Sista alikuwa mmoja, wodi nzima. Alisimama kando yangu macho kwenye saa ya mkononi, midomo ikihesabu matone, kidole gumba kikizungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira. Akaitwa kitanda cha nne. Aliporudi, matone yalikuwa karibu kukoma, nami nilikuwa nimeyakodolea macho nisijue kama ni sawa. Saa saba nikaambiwa nimekwama, twende theta.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza. Mama mwenye uzito mkubwa mara nyingi hufunguka polepole, na mara nyingi huhitaji oksitosini nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Madaktari wanalijua hilo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kufunguka chini ya sentimita 1 kila saa pekee si sababu ya kumharakisha mama. Lakini dawa hii haiongezwi kwa kubahatisha. Ikizidi, uchungu hufuatana bila nafasi, mtoto hukosa hewa, hata mji wa mimba unaweza kupasuka. Sista aliogopa kuniongezea, na kwa kuhesabu kwa macho angekosaje kuogopa? Simlaumu. Wala unene wangu usilaumiwe kana kwamba niliubeba makusudi kuja kuwasumbua.

Labda hata dawa yenyewe ilikuwa imepungua nguvu. Inatakiwa kukaa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8, na wiki ile stima ilipotea mara mbili. Hilo nalikisia tu, lakini nani aliangalia friji?

Mheshimiwa, ulipokuja kutuzindulia wodi ile ulisema vifaa viko njiani. Nilikuwepo, nimesimama kwa kuegemea ukuta, mimba ya miezi sita. Mtoto yule sasa anakaa mwenyewe na ana meno mawili. Vifaa bado viko njiani.

Nilitaka kukuomba mengi: mizani, friji, masista wa kutosha. Nimeyaacha. Naomba mashine ya kuendesha dripu, ile inayowekwa kipimo na kupiga kelele mpira ukiziba. Mashine hiyo, kwenye kila kitanda cha mama aliyewekewa dripu ya uchungu. Kama pesa hazitoshi, anza na moja. Moja tu, kabla ya mwezi huu kuisha, kwa sababu kwenye ploti yetu kuna mwingine anayejifungua mwezi ujao, naye ni mnene kama mimi.

Wako kwa heshima,
Mama wa Kayole