Kwa Nini Tunabadilisha Koleti Kabla ya Kugusa Mota ya Ruta Yako

Kuna lalamiko linalorudi kwenye kaunta yetu mara kwa mara kiasi kwamba tumeona afadhali tuliandikie. Mteja analeta ruta ya mkono, yaani mashine ya umeme ya kuchimba mifereji na kupiga nakshi kwenye mbao, akisema kwamba inatetemeka, inachoma mbao au inakata kina kisichokuwa sawa, na anaamini kwamba mota imechoka. Anapokuja kuichukua, anakuta kwenye ankara mstari wa kwanza umeandikwa koleti mpya, na mota haijatajwa kabisa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Hivi karibuni mteja mmoja alisema, tena mbele ya wateja wengine, kwamba tunawauzia watu pete ya chuma isiyozidi ukubwa wa kidole gumba na kuiita matengenezo. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye, na sababu zetu ndizo hizi.

Koleti ni kile kipande cha chuma chenye mipasuo, kinachokaa ndani ya nati na kubana shina la biti, yaani kile kisu kinachozunguka na kukata mbao. Hakuna kitu kingine chochote kinachoishikilia biti hiyo isichomoke. Ruta nyingi huzunguka kati ya mizunguko 8,000 na 30,000 kwa dakika, na biti yenye kipenyo cha milimita 25 inayozungushwa mara 24,000 kwa dakika huwa na makali yanayosafiri takriban mita 31 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Mwendo huo wote unategemea mshiko wa chuma kwa chuma kwenye sehemu ya shina isiyozidi urefu wa fundo mbili za kidole. Koleti iliyolegea haianzi kwa kurusha biti. Kwa kawaida huanza kwa kuharibu kazi, na mwenye macho ataiona dalili hiyo mapema.

Fundi mmoja alituletea pande mbili za kabati alizokuwa akizichimba mifereji ya kupokea rafu. Mbao zilikuwa na unene wa milimita 18, na mfereji uliotakiwa kuwa na kina cha milimita 6 mwanzo hadi mwisho ulikuwa umefika milimita 11 kwenye ncha ya pili. Alikuwa na hakika kwamba kifungio cha kina cha mashine tuliyomtengenezea hakishiki, na alitaka arudishiwe fedha zake. Tulipoichomoa biti mbele yake, shina lilikuwa na mikwaruzo ya mviringo inayong'aa, na katikati ya mikwaruzo hiyo mabaka ya kahawia ya chuma kilichopata moto. Hizo ni alama za biti iliyokuwa ikizunguka ndani ya koleti na kuteremka kidogo kidogo jinsi alivyokuwa akisogea. Kifungio cha kina kilikuwa kizima. Tulipoendelea kuangalia tukakuta chanzo: biti ilikuwa ya shina la milimita 6, koleti ilikuwa ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, na pengo lililobaki lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya aluminiamu iliyoviringishwa kwa ustadi mkubwa.

Njia hiyo ya mkato ndiyo inayotuletea kazi nyingi kuliko zote, na pia ndiyo inayotutisha zaidi. Tofauti ya milimita 0.35 inaonekana ndogo, na nati ikikazwa kwa nguvu biti huonekana imeshika. Kilichotokea ndani ni kwamba koleti imebanwa kupita kiasi iliyoundwa kubanwa, midomo yake imegusa shina kwa ncha tu badala ya kulikumbatia kwa urefu wake wote, na baada ya kutumiwa hivyo haitashika sawasawa hata biti ya kipimo chake halisi. Vivyo hivyo kwa shina la milimita 12 kwenye koleti ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Tunauza koleti za vipimo vyote hivyo, na ndiyo, tunapata faida, lakini bei ya koleti haifikii bei ya pande mbili za kabati, sembuse matibabu ya jicho.

Namna ya kufunga biti tunaieleza kila tunapokodisha mashine, na tunajua kwamba wengi huitikia kwa kichwa huku wakifikiria kazi inayowasubiri. Plagi huchomolewa kwanza ukutani, wala swichi pekee haitoshi. Koleti na tundu lake hufutwa vumbi na utomvu, kwa kuwa utando mwembamba wa utomvu hulainisha pale panapohitaji kukwama. Biti huingizwa hadi igote chini, kisha hurudishwa nje milimita 2 au 3, kwa sababu ikikazwa huku imegota, koleti haiwezi kuivuta chini inavyopaswa na hubana kwa udanganyifu. Usibane vilevile pale shina linapoanza kupanuka kuelekea kwenye makali. Pale pana mviringo, na koleti haishiki mviringo. Anayetafuta kina zaidi kwa kuivuta biti nje hadi ishikwe kwa ncha ya shina anunue biti ndefu. Na nati isikazwe kamwe ikiwa koleti haina biti ndani.

Kufungua nako kuna jambo lake. Koleti nyingi za kisasa hufunguka kwa hatua mbili: nati hulegea, unaizungusha kwa vidole, halafu inakuwa ngumu tena, na hapo ndipo inapohitaji spana mara ya pili ili iitoe koleti mahali ilipong'ang'ania. Asiyelijua hili hudhani kwamba biti imeganda, akachukua nyundo. Tumepokea ruta ambayo mhimili wake ulikuwa umepinda kwa kugongwa namna hiyo, beringi ya chini imekufa, na mwenye mashine akiapa kwamba ilianza kupiga kelele yenyewe. Ukarabati huo uligharimu mara kadhaa ya koleti na ulikuwa wa kuepukika kwa mzunguko mmoja wa spana.

Baada ya koleti, njia ya mkato ya pili ni kukata kina chote kwa mpito mmoja. Mteja huona kwamba mashine ina nguvu, kina kinachotakiwa ni milimita 15, na kupita mara tano ni kupoteza wakati. Kwenye mbao ngumu sisi hushuka milimita 3 hivi kwa kila mpito, na kwa biti nyembamba hatuzidishi nusu ya kipenyo chake. Biti ya milimita 6 inayosukumwa kwenye mninga kwa kina cha milimita 15 mara moja haina pa kutolea maranda; maranda hujaa kwenye mfereji, biti hupata moto, mkono husukuma zaidi, na shina hukatika. Kipande kilichokatika hakijali kimeelekea wapi. Kisha biti inarudishwa kwetu ikiwa vipande viwili pamoja na maelezo kwamba tunauza bidhaa feki. Tunaziangalia zote kwa haki, na zenye kasoro ya kiwandani tumezibadilisha bila ubishi, lakini chuma chenye rangi ya bluu karibu na mahali kilipokatika kimekwisha kutoa ushahidi wake.

Mbao iliyoungua inasimulia habari za aina hiyo hiyo. Watu hudhani kwamba alama nyeusi ni dalili ya kasi ndogo, wakaongeza mizunguko, na kumbe wanazidisha moto. Alama hizo hutokana na biti butu, na makali yaliyogandwa na utomvu, na mizunguko mingi kupita ukubwa wa biti, au na mkono unaosita mahali pamoja, hasa kwenye kona. Biti pana haina budi kuzungushwa polepole: ile yenye kipenyo cha milimita 75 ikizungushwa mara 24,000, makali yake hufikia takriban kilomita 340 kwa saa, nasi huishusha hadi mizunguko 10,000 au 12,000, tena huifunga kwenye meza ya ruta, kwa maana biti ya ukubwa huo haifai kushikwa mkononi. Ruta isiyo na kirekebisha mwendo isifungwe biti ya namna hiyo. Mteja anayetuomba tumkodishe vyote viwili pamoja hatumpi, na tumepoteza wateja kwa sababu hiyo.

Mwelekeo wa kusukuma ndio unaomshtua mtu anayeshika ruta kwa mara ya kwanza. Ukiitazama kutoka juu, biti huzunguka kwa mwendo wa saa. Ukisimama mbele ya ukingo wa ubao, mashine ikiwa upande wako, isukume kutoka kushoto kwenda kulia. Ukizunguka ubao mzima kwa nje utakuwa unakwenda kinyume cha mwendo wa saa, na ukifanya kazi ndani ya fremu utakwenda kwa mwendo wa saa. Hapo makali hukinzana na mkono wako, nawe unatawala. Ukienda kinyume, makali huuparamia ubao na kuikokota mashine mbele, nayo hukimbia ikakutoka mikononi kabla hujaelewa kilichotokea. Wapo mafundi wakongwe wanaopita kinyume kwa makusudi, kwa kina chembamba sana, ili kuzuia vibanzi kung'oka. Hiyo ni kazi ya mikono iliyokwisha kuzoea, na hatuifundishi kwenye kaunta. Kwa anayehofia vibanzi, aanze na vichwa vya ubao kisha amalizie pande za urefu, maana mpito wa mwisho utakula ile kona iliyobanduka.

Ubao lazima ufungwe kwa klampu, na waya uwe mahali usipoweza kufuatana na mashine. Kipande kidogo kisichoweza kufungwa hakifai kupitishiwa ruta ya mkono, hata kama ni trima, yaani ruta ndogo ya kushikwa kwa mkono mmoja. Piga nakshi kwenye ubao mkubwa kwanza, halafu ukikate kipande unachokitaka. Mbao zilizokwisha kutumika zikaguliwe misumari. Washa mashine biti ikiwa haijagusa kitu, maana baadhi ya ruta hutupa mkono zinapowaka, ngoja ifikie mwendo wake ndipo uiingize, na ukimaliza usiiweke chini hadi isimame kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi kabla ya kufanya jambo lingine lolote: tumeshatengeneza ruta iliyojiwasha yenyewe umeme uliporudi, ikatembea juu ya meza ya kulia chakula iliyokuwa tayari kupakwa vanishi.

Glavu pana, mikono mirefu ya shati na cheni za shingoni hazifai karibu na kitu kinachozunguka. Miwani ya kinga ni lazima. Ruta huvuka kwa urahisi desibeli 85, kiwango ambacho masikio yasiyokingwa huanza kudhurika yakikaa humo kwa saa nyingi, na vumbi la mbao limewekwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo barakoa ya vumbi tunayokupa pamoja na mashine ya kukodi si pambo, na haiongezwi kwenye bei.

Sasa tuzungumzie kunoa, kwa sababu hapo pia tunaambiwa kwamba tunatoza sana. Makali ya biti nyingi ni ya kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu kuliko chuma cha kawaida, ambayo jiwe la kawaida la kunolea haliwezi kuikata vizuri. Inahitaji jiwe la almasi. Sisi hunoa uso bapa wa ndani pekee, kwa idadi sawa ya misuguo kwa kila upande wa makali, ili biti isipoteze mizani. Wengi hukimbilia grainda na kugusa mgongo wa nje. Biti ikitoka hapo inang'aa kweli, lakini kipenyo kimepungua upande mmoja, inatetemesha mashine, na kama ina beringi ya kuongozea, beringi na makali havilingani tena, kwa hiyo inaacha ngazi kwenye kila ubao unaofuatisha kiolezo. Biti iliyokwisha kupita kwenye grainda hatuinoi kwa bei yoyote. Pia tunaomba msiloweke biti yenye beringi kwenye petroli mnapoisafisha, maana grisi yote ya beringi huondoka, ivueni kwanza.

Ruta ikifika kwetu, tunaanza kwa kufunga shina la chuma lililonyooka ndani ya koleti yake na kuliwekea saa ya kupimia, yaani kipimo chenye sindano kinachoonyesha shina likiyumba hata kidogo, kisha tunazungusha mhimili kwa mkono. Sindano ikicheza, tunabadilisha koleti na kupima tena. Ikitulia, tatizo limepatikana na hatuna sababu ya kuifungua mota wala kukutoza kwa kuifungua. Ikiendelea kucheza, ndipo tunapoingia kwenye beringi na mhimili, na tunakupigia simu kabla ya kufanya hivyo. Kaboni za mota, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, tunazikagua kwa vyovyote, kwa kuwa zinatolewa bila kuifungua mashine nzima.

Unapoileta, njoo na spana zake, koleti zote ulizo nazo na biti uliyokuwa ukiitumia siku ilipoleta shida, ikiwa bado haijasafishwa, pamoja na kipande cha mbao iliyoharibika. Koleti ya zamani tutakurudishia kwenye mfuko pamoja na ankara, ili uipanue mipasuo yake mwanga ukiwepo na uangalie mwenyewe ndani.