Joto la ziwa lipimwe hadi chini, na vipimo viwe wazi

Mhariri,

Samaki wa vizimba wakifa kwa mkupuo katika Ghuba ya Mwanza, swali la kwanza huwa nani kamwaga sumu. Tunaomba liulizwe na la pili: wiki ile joto la maji lilikuwaje, kuanzia juu hadi chini? Maji ya juu yakipashwa na jua huwa mepesi, yakatanda juu ya yale ya baridi kama kifuniko, na huko chini oksijeni ikaisha. Upepo ukiyavuruga, maji hayo hupanda, na sato aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Hali ya hewa ikizidi kupata joto, kifuniko hicho huwa kigumu zaidi kuvunjika.

Picha za setilaiti za Landsat ni bure tangu 2008, na QGIS, programu ya ramani ya kuzifungulia, ni bure pia. Lakini zinaona uso wa ziwa tu, na wakati wa masika mawingu huziba. Kwa kina, hakuna budi kushusha kamba yenye vihisi joto.

Vihisi joto vya DS18B20 vya kuzamishwa majini huungwa vingi kwenye waya mmoja, kimoja kila mita mbili, vikasomwa na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kusoma vihisi. Kati ya waya wa data na wa umeme weka rezista ya kilo-omu 4.7. Kamba ipimwe ikiwa imelowa, maana nailoni hurefuka, na chubwi iwe nzito, la sivyo mkondo utailaza.

Panapoharibika hasa ni hapa. Kihisi kinaweza kukosea nusu digrii, na ziwani humu tofauti ya juu na chini mara nyingi haizidi digrii mbili tatu. Basi vihisi vyote vitumbukizwe kwanza katika ndoo moja ya maji na barafu iliyopondwa, ikorogwe dakika kumi, na kosa la kila kimoja, yaani kinavyopishana na sifuri, liandikwe. Bila hivyo utapima makosa ya vifaa ukidhani unapima ziwa. Ukiona 85 kamili, hilo si joto: kihisi kimesomwa kabla hakijamaliza kupima, au umeme haukitoshi.

Wenye vizimba, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi mwaloni) na watafiti, wekeni vipimo hadharani: tarehe, saa, kina, mahali, na kosa la kila kihisi. Programu ya kukokotoa matabaka ya maji kutokana na vipimo hivyo, rLakeAnalyzer, ni bure. Kinachokosekana ni namba zilizofungiwa kabatini. Tuanze kabla ya Juni, upepo wa kusini-mashariki ukianza kuchanganya maji tuwe na vipimo vya kabla na vya baada.

Wapimaji wa maji,
Nyegezi, Mwanza