Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Mtwara

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazazi wa watoto wenye magonjwa adimu,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, kuwatembelea wenzetu wa Newala na Tandahimba, na Siku ya Magonjwa Adimu tarehe 28 Februari. Sina haja ya kuzirudia.

Nije kwenye pilau.

Najua naitwa "Mwenyekiti Makufuli". Mwezi Juni niliamua, nikishauriana na mhazini, kwamba vikao vyetu visiwe na chakula. Shilingi 210,000 za pilau zilinunua makufuli 12 ya makabati ya vyakula na mizani mbili za kupimia watoto, zikabaki 18,000. Nikaambiwa hadharani kuwa nawanyima watoto chakula. Ndugu zangu, sita kati ya watoto wetu wana Prader-Willi, ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao. Wakiwa wachanga hawana hata nguvu ya kunyonya, tunahangaika wanenepe. Wakishafika umri wa miaka miwili hadi minane hivi, inaingia njaa ambayo hakuna sahani ya kuizima, kwa kuwa ubongo haupati habari kwamba tumbo limejaa. Fimbo haisaidii. Kutapika kwao ni kwa shida na maumivu hawayasikii sana, hivyo mtoto anaweza kula mpaka akapata madhara makubwa tumboni bila kulia. Anayelindwa uzito anakua mtu mzima, wengine hufika hata miaka 60. Asiyelindwa, kisukari, moyo na pumzi humuwahi. Hiyo ndiyo kazi ya kufuli.

Jingine: kasoro iko kwenye kromosomu ya 15 (kromosomu ni vibeba urithi ndani ya chembe za mwili), sehemu inayopaswa kutoka kwa baba, na kwa kawaida hutokea tu, bila kosa la mtu. Kwa hiyo akina mama wasisimangwe. Tangu niliseme hili, akina baba watatu hawajaonekana kikaoni.

Mahudhurio ni aibu. Kikao cha Aprili tulikuwa 9 kati ya 31, mkasingizia mvua. Ada ilipaswa kuwa 744,000, imepatikana 268,000. Mlisema "mpaka korosho". Minada imefanyika, malipo yameingia, ada sijaiona. Nauli ya Tandahimba nilitoa mfukoni mwangu, na sijadai.

Machi 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kutuliza njaa hiyo. Tutaulizia, Mungu akipenda. Tunatarajia pia kumpata mtaalamu wa lishe.

Hesabu kamili ataisoma mhazini, kama amefika.