Mnaouza masomo mtandaoni, tuulizeni vizuri

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi cherehani wa hapa Wete, Pemba. Mwaka jana nilisoma kwa simu kozi ya hesabu za biashara, usiku watoto wakishalala, bando likiniishia katikati ya somo. Nilipomaliza nikaletewa dodoso: bei yetu ni nafuu, ndiyo au hapana? Basi! Nani atasema nafuu, naye anaogopa kesho itapanda?

Mchumi Mholanzi Peter van Westendorp alitoa njia bora ya kuwauliza wateja bei tangu 1976, ya maswali manne: bei gani ni ghali mno hata hununui, gani ni ghali lakini utajikaza, gani ni nafuu, na gani ni ndogo mno hata unatilia shaka ubora. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Nikitaja bei ndogo ya buibui, mteja huuliza, “Kitambaa gani hicho?”

Tuulizeni na bando, maana nalo ni ada. Na somo limetufaa nini? Mimi sasa najua faida ya kila nguo ninayoshona. Kwa hilo ningelipa hata zaidi, ila kwa mafungu, msimu wa karafuu, wateja wangu wanapokuwa na pesa. Pa kuyaandika haya kwenye dodoso hapakuwapo.

Fundi cherehani,
Wete, Pemba