Washindi wanne kwa usiku mmoja sio sawa

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, ya 1969 kule Madrid, maana kila ikitajwa watu wanaisifia eti ilikuwa raha washindi wanne, mi naona waimbaji walionewa kabisa. Hispania, Uingereza, Uholanzi na Ufaransa wote pointi 18 na sheria ya kuvunja sare hakuna! Hebu mfikirie Lenny Kuhr wa Uholanzi, kasimama pale na gitaa lake anapiga mwenyewe, kaimba vizuri, halafu ushindi wenyewe anagawana na wenzake watatu. Inauma jamani. Mwaka uliofuata Ureno, Austria, Norwei, Uswidi na Ufini wakagoma, Amsterdam zikashindana nchi 12 tu, na sheria ya sare ndo ikawekwa saa hizo.