Kaka wa Kitonga, asante sana
Juzi tumekutana madereva wastaafu wa kampuni yetu ya zamani, ile ya malori ya Dar mpaka Ndola, tukapiga stori weee, foleni za mpakani Tunduma za kulala siku kadhaa, kupika ugali pembeni ya trela, tembo wa Mikumi usiku, basi nikakumbuka nina deni. Wewe kaka uliyesimama pale mlima Kitonga usiku, paipu ya upepo imepasuka, breki zimekamata, gari limegoma katikati ya kona na mzigo juu, ukakimbia kuweka majani barabarani kule nyuma, ukaingia chini na tochi mdomoni mpaka paipu ikafungwa. Hela ukakataa. Jina sikuuliza jamani! Utingo wangu leo ana gari lake na bado anakutaja. Asante sana kaka, Mungu akutunze popote ulipo.